Kwenda Leshan kumwona Buddha Mkubwa: maswali ninayoulizwa kila mara

Nilisoma Chengdu kwa miaka minne, na kila mgeni aliyetoka nyumbani alitaka apelekwe sehemu mbili: kwa panda na kwa Buddha wa Leshan. Panda hawana maelezo mengi, wanakula mianzi na kulala. Buddha ndiye anayetaka maandalizi. Wengi humwendea bila kujua chochote, wakasimama foleni nusu siku, wakapiga picha ya sikio, wakarudi wamechoka na neno moja tu mdomoni: "Mkubwa!" Haya ni maswali niliyojibu kwa simu, kwenye treni, na mara nyingine katikati ya ngazi huku nahema.

Leshan ni wapi, na huyu Buddha ni nani hasa?

Leshan ni mji wa jimbo la Sichuan, kusini-magharibi mwa China, kilomita 120 na ushei kusini mwa Chengdu. Mito mitatu hukutana hapo: Min, Dadu na Qingyi. Ikishaungana huendelea kwa jina la Min mpaka Yibin, inakoingia mto Yangtze. Ng'ambo ya mji kuna mlima mdogo unaoitwa Lingyun, na kwenye genge lake jekundu linalotazama makutano hayo amechongwa Buddha aliyeketi, mikono juu ya magoti, urefu wa mita 71. Wenyeji humwita Dafo, yaani Buddha Mkubwa, basi.

Huyu si Siddhartha Gautama, yule mwanzilishi tunayemsoma kwenye vitabu vya historia. Ni Maitreya, Buddha ambaye waumini wanasema bado hajaja. Wachina humwita Mile. Ukiingia mahekalu mengine ya China utamkuta Mile huyo huyo katika sura ya mzee kibonge anayecheka, tumbo nje. Wa Leshan ni wa zamani zaidi, kabla hajanenepa.

Kwa nini wakamchonga mtoni, tena mahali pa shida namna ile?

Kwa ajili ya wanamaji. Msimu wa mvua mito ile mitatu ilikuwa ikigongana chini ya genge na kuvunja mashua. Mwaka 713, enzi ya watawala wa Tang, mtawa mmoja aitwaye Haitong alianza kuchangisha fedha ili achongwe Maitreya wa kutuliza maji. Masimulizi yanasema ofisa mmoja alikuja kudai fungu lake katika michango ile. Haitong akamjibu kwamba jicho lake anaweza kulitoa, lakini mali ya Buddha haitoki. Na ofisa alipomwambia haya, litoe basi, akalitoa kweli, akaliweka kwenye sahani. Kama ilikuwa hivyo au la, hakuna awezaye kuapa. Ila kila mtu Leshan anaijua hadithi hiyo, na mimi bado sijakutana na msikilizaji kutoka Afrika Mashariki aliyehitaji kufafanuliwa habari ya ofisa anayetaka fungu lake.

Haitong alifariki kazi ikiwa haijafika mbali. Gavana wa kijeshi Zhangqiu Jianqiong akaiendeleza, akahamishiwa makao makuu, kazi ikalala tena. Aliyeimaliza ni gavana mwingine, Wei Gao, mwaka 803. Miaka 90 kamili. Waliopiga nyundo ya kwanza hawakuona hata magoti yake.

Je, maji yalitulia? Inasemekana yalitulia, na wanaopenda sababu za kidunia huongeza kwamba kifusi chote cha kuchonga jabali kilitupwa mtoni, kikajaza mashimo ya chini na kupunguza kasi ya mkondo. Chagua upande unaokufaa.

(Kwa wanaopenda kulinganisha nyakati: enzi hiyo ya Tang ndiyo iliyotoa vyombo vya udongo ambavyo vigae vyake vimefukuliwa Unguja Ukuu na Manda. Yaani bidhaa za China zilikuwa zimeshafika pwani yetu zamani hizo.)

Nianze na mashua au na ngazi?

Anza na mashua. Hapa sibembelezi. Mchongo huu ulikusudiwa mtu aliye majini, na ukiwa nchi kavu hakuna mahali hata pamoja unapoweza kumwona wote kwa mkupuo mmoja. Juu utaona kichwa, chini utaona vidole vya miguu, katikati utaona mgongo wa mtalii aliyekutangulia.

Mashua huondoka upande wa mjini, hukata mto na kusimama mbele yake dakika chache ili watu wapige picha. Mtavaa makoti ya kuokolea maisha, na watu wote watakimbilia ubavu mmoja, kwa hiyo ingia mapema ushike nafasi. Safari nzima ni kama nusu saa. Hamshuki pale, mnarudi mlikotoka, na kwenda mlimani ni shughuli nyingine na tiketi nyingine.

Ukiwa kwenye mashua tazama vitu vitatu ambavyo juu mlimani huvipati. Kwanza ni walinzi wawili waliochongwa kwenye kuta za genge, kulia na kushoto kwake. Mvua imewala sana, lakini wamesimama wima na silaha zao. Pili ni mashimo kwenye mwamba. Zamani Buddha alijengewa nyumba ya mbao ya ghorofa nyingi ya kumkinga na mvua, ikateketea katika vita, na mashimo yale ndiyo yaliyoshika boriti zake. Tatu, mwombe dereva au mtu wa pembeni akuonyeshe "Buddha aliyelala". Vilima vitatu vya ukingo ule, vikitazamwa kwa mbali, vinafanana na mtu aliyelala chali juu ya maji, na Buddha aliyeketi anaangukia pale penye kifua cha aliyelala. Watu walikuja kulitambua umbo hilo mwaka 1989 tu, baada ya karne zote hizo. Mimi ilinichukua safari tatu kuliona, na safari ya tatu nadhani nilikubali kwa uchovu.

Ngazi zikoje? Nina goti bovu.

Unapanda kwanza mpaka kwenye hekalu la Lingyun lililo nyuma ya kichwa chake. Kichwa kiko usawa wa kilele, hivyo unaweza kusimama karibu na sikio lenye urefu wa mita kama 7 na kuhesabu vifundo vya nywele, vilivyo zaidi ya 1,000. Kutoka hapo unateremka kwa njia iitwayo Jiuqu, yenye kona tisa, iliyochongwa ndani ya ukuta wa genge upande wa mkono wake wa kulia. Ni vidato 217. Sehemu nyembamba kabisa ina upana wa sentimita 60, yaani mtu na mkoba wake mdogo. Watu hushuka tu, hakuna kupishana, na ukishaingia kwenye foleni ile huwezi kugeuza. Unatokea miguuni, ambapo unyayo mmoja tu ungekaliwa na watu zaidi ya 100. Kisha unarudi juu kwa njia nyingine upande wa pili.

Goti bovu na Jiuqu havipatani. Chukua mashua, na kama unataka sana kumwona kwa juu, panda taratibu hadi kichwani, kaa kwenye benchi, kisha rudi ulikotokea. Mama yangu mdogo alifanya hivyo na hakukosa kitu.

Watoto je?

Wanaotembea wenyewe watafurahi kuliko wewe. Wa kubebwa, abebwe mgongoni. Kigari cha mtoto kiache hotelini.

Niende lini?

Machi mpaka Mei, au kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba. Jambo la kuogopa kuliko mvua ni sikukuu za Wachina: wiki ya kwanza ya Oktoba, siku za mwanzo wa Mei, na Mwaka Mpya wa Kichina. Siku hizo foleni ya kona tisa huchukua muda wa saa mbili, hata tatu, umebanwa ukutani. Julai na Agosti kuna joto la mvuke na mito hufurika, na maji yakipanda mashua husimamishwa.

Usitegemee jua. Sichuan ina ukungu na mawingu kiasi kwamba Wachina wana msemo wa kale kuhusu mbwa wa huko kulibwekea jua, kwa kuwa ni mgeni kwao. Picha zangu nyingi za Buddha zina rangi ya uji. Ukungu mwepesi unampendeza lakini, hasa asubuhi ukiwa mtoni.

Fika mapema. Miezi ya joto lango hufunguliwa saa moja na nusu asubuhi, majira ya baridi saa mbili. Kumbuka tiketi itaandika 7:30. Ndugu mmoja alisoma saa hizo kwa hesabu ya Kiswahili alipokuwa akipiga simu nyumbani na akamchanganya kila mtu.

Nafikaje kutoka nyumbani?

Wenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda wanahitaji viza ya China kabla ya kuondoka. Njia rahisi kwa wengi wetu ni kupitia Addis Ababa, kwa kuwa Ethiopian huruka hadi Chengdu. Kutoka Chengdu panda treni ya mwendo kasi, kituo cha Mashariki au cha Kusini. Ni kama saa moja, na nauli ya daraja la pili ni yuan 50 na kitu. Tiketi hukatwa kwa pasipoti, na pasipoti hiyo hiyo ndiyo utakayoonyesha getini, hivyo usiifungie kwenye sanduku. Kituo cha Leshan hakiko karibu na mto. Kuna mabasi ya mji, na kuna teksi. Ukiwa na haraka teksi, ukitaka kuuona mji basi.

Kiingilio ni shilingi ngapi, na nalipaje?

Mara ya mwisho nilipokwenda mlimani ilikuwa yuan 80 na mashua 70. Kiingilio cha mlimani kinajumuisha hekalu la Lingyun, hekalu la Wuyou lililo kwenye kilima cha jirani, na makaburi ya Mahao ambayo nitayarudia.

Malipo ni kwa simu. Aliyezoea M-Pesa hatashangaa, tofauti ni kwamba huko unaskani picha ya miraba, kuanzia tiketi hadi mahindi ya kuchoma. Sajili Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, uunganishe na kadi yako ya benki, uijaribu. Beba na noti kidogo. Jambo jingine: WhatsApp na Google havifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko. Pakua ramani na tafsiri mapema, na uwaage nyumbani kabisa wasije wakadhani umepotea.

Mimi ni Mwislamu. Mwenzangu ni Mkristo. Si tutakuwa tumekwenda kuabudu sanamu?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, lakini huulizwa na karibu kila mtu. Hakuna atakayekuambia upige magoti, uwashe ubani wala utoe sadaka. Wageni wengi Wachina wenyewe hawafanyi. Unaingia kama mtalii, unatazama, unatoka.

Mahekalu, hata hivyo, ni nyumba za ibada zenye watawa na waumini, kwa hiyo adabu tunazoziweka msikitini au kanisani zinatosha: sauti ya chini, nguo ya heshima, usipite mbele ya mtu anayesujudu. Mawili ya kuongeza. Usikanyage kizingiti cha mlango, kiruke. Na usipige picha sanamu zilizo ndani ya majumba ya hekalu. Yule wa nje ya mlima mpige upendavyo.

Ametengenezwa kwa jiwe laini, kando ya mito mitatu. Imekuwaje hajasombwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ni nadra kuulizwa. Mwamba ule ni wa mchanga mwekundu, kucha ya kidole inaweza kuukwaruza. Mvua za Sichuan zingekuwa zimeshaufuta uso wake. Mafundi wa Tang walijua hivyo, wakaficha mitaro mwilini mwake. Katikati ya safu za nywele kuna mifereji inayopokea maji ya kichwani, ambayo kwa chini huioni kwa sababu inafanana na mikunjo ya nywele. Kuna njia za maji nyuma ya masikio, na kwenye kola na mikunjo ya nguo. Mgongoni mwake wametoboa mapango ya kutoa unyevu unaochuruzika kutoka ndani ya mlima. Vazi lenyewe, ukilitazama vizuri, ni paa. Kila nikipita mtaa wetu mvua ikinyesha na mitaro imeziba, namkumbuka.

Si kwamba hajaguswa. Masikio na pua zimetengenezwa kwa mbao zilizopakwa udongo na chokaa juu. Mwaka 1962 mafundi walipokuwa wakimkarabati walikuta kifuani shimo lililofungwa, ndani mna matofali na vyuma chakavu, na bamba lililoziba shimo lilikuwa jiwe la maandishi la enzi ya Song, iliyokuja baada ya Tang. Oktoba 2018 alifungwa kwa watu ili nyufa za kifuani na matatizo ya maji yachunguzwe, hadi Aprili 2019. Halafu tarehe 18 Agosti 2020 mafuriko yalifika vidole vyake vya miguu, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu 1949. Siku hiyo simu yangu ilijaa picha ile kutoka kwa watu ambao miaka yote hawajanisalimu.

Kweli huwa analia?

Wapo wenyeji wanaosimulia kwamba alifumba macho na kutoa machozi nyakati za njaa. Michirizi myeusi utaiona usoni kwa macho yako. Ni kuvu, moshi na mvua yenye tindikali kutoka kwenye miji ya viwanda. Husafishwa, ikarudi.

Ndiye sanamu kubwa kuliko zote duniani?

Hapana. China hiyo hiyo ina Buddha wa shaba wa Henan, mita 128, aliyemalizika mwaka 2008. Wa Leshan anashikilia sifa ya Buddha mkubwa kuliko wote waliochongwa kwenye jabali. Wale wa Bamiyan, Afghanistan, waliolipuliwa mwaka 2001, mrefu wao alikuwa mita 55. Tangu 1996 yeye na mlima Emei wa jirani wako pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Nimeona tangazo la bustani yenye Buddha aliyelala wa mita 170. Ndiyo hiyo hiyo?

Siyo. Hiyo ni bustani ya kisasa iliyo jirani, ina tiketi yake, na imejaa nakala za sanamu za Buddha kutoka nchi mbalimbali. Madereva hupenda kuwashusha wageni hapo. Ukiwa na siku nzima na watoto, ingia. Ukiwa na saa chache, mwambie dereva "Dafo" na uendelee kulirudia mpaka uone mto.

Tutakula nini?

Leshan kwa Wachina ni mji wa chakula kwanza, Buddha baadaye. Kuna wanaotoka Chengdu asubuhi, wakala mpaka jioni, wakarudi bila kumwona. Nenda mtaa wa Zhanggongqiao jioni ukiwa na njaa.

Anza na *qiaojiao niurou*. Usitishwe na jina. Ni supu ya ng'ombe: nyama, utumbo, maini, vyote vimekatwa vyembamba na kuchovywa kwenye mchuzi mwepesi wa mizizi na viungo, na unga wa pilipili pembeni wa kuchovya. Mtu aliyelelewa na supu ya utumbo ya asubuhi atafumba macho na kujiona kijiweni kwao. Halafu kuna *bobo ji*, mishikaki midogo ya kuku na mboga iliyolowekwa ndani ya chungu cha mchuzi baridi wa pilipili na ufuta. Unachomoa, unakula, mwishoni wanahesabu vijiti. Usile vijiti 60 bila kuhesabu kama mimi. Bata wao ana ngozi iliyopakwa sukari, na asubuhi huuza bakuli la tofu laini yenye mchuzi mzito.

Pilipili ya huko ni ya aina mbili, ile tuijuayo na nyingine inayotia midomo ganzi. Mara ya kwanza utadhani umelishwa dawa ya daktari wa meno.

Kwa Waislamu: nyama ya nguruwe na mafuta yake imo kwenye vyakula vingi vya Sichuan, hata mboga za majani. Na ng'ombe wa kwenye supu niliyoisifu si lazima awe amechinjwa kihalali. Tafuta maandishi ya *qingzhen*, yaani halali, mara nyingi kwa rangi ya kijani na Kiarabu kidogo pembeni. Maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono ya watu wa kaskazini-magharibi hupatikana karibu kila mji. Asiyekula nyama kabisa aulizie mkahawa wa hekalu.

Watu watanikodolea macho?

Ndiyo, na wataomba picha, hasa wazee na wanafunzi kutoka miji midogo ambao nao ni watalii siku hiyo. Kwa kawaida ni udadisi tu, na ukikataa kwa tabasamu hawakasiriki. Jifunze kusema unakotoka: Tanzania ni *Tansangniya*, Kenya ni *Kenniya*. Mzee mmoja foleni akisikia hivyo aliniuliza habari za simba na TAZARA, kwa mpangilio huo. Alijua mwaka reli ilipokamilika. Mimi nilibahatisha.

Naweza kuunganisha na mlima Emei siku moja?

Unaweza, na utavichukia vyote viwili. Emei kilele chake kinapita mita 3,000, una nyani wezi, na unataka siku yake na usiku wake.

Kuna kitu watu hupita bila kukiona?

Makaburi ya Mahao. Ukishatoka miguuni pa Buddha na kufuata njia kuelekea kilima cha Wuyou, yako chini, karibu na daraja. Ni vyumba vilivyochimbwa ndani ya mwamba na familia za enzi ya Han ya Mashariki, iliyokoma mwaka 220. Kuta zina farasi, milango, na picha ya Jing Ke aliyejaribu kumuua mfalme wa Qin. Sasa inua macho juu ya mlango wa chumba kimoja. Kuna mtu ameketi, mwanga umezunguka kichwa chake, mkono mmoja umeinuliwa. Ni Buddha, miongoni mwa wa kwanza kabisa kuchongwa China, na ametangulia kuliko yule wa mita 71 kwa karne tano au zaidi. Hafiki hata nusu mita. Hakuna foleni. Mara ya mwisho tulikuwa sisi wawili na mlinzi aliyekuwa akichaji simu, naye ndiye aliyetuelekeza kwa kidevu tusimame wapi ili mwanga usitupige machoni.